Meza Niliyoiweka Juani

Wenzangu wa zahanati, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na daftari kubwa lenye jalada gumu. Saa ilisimama wiki ya pili. Daftari bado zima, basi acha nilitumie.

Mlisema niandike habari za kazi ili ninyi vijana mpate cha kujifunza. Nimeahirisha miezi mitatu. Mimi ni mtu wa darasa la saba, na maisha yangu yote ya kazini nimeandika jina, umri, kitongoji, joto, dawa. Sentensi ndefu zinanitia wasiwasi. Nikifika katikati nasahau nilianzaje. Mkiona nimekosea lugha, pitieni tu. Mkiona nimekosea ukweli, njooni nyumbani mniambie, nitafuta na kuandika upya.

Habari za kupanda daraja siziandiki. Nilipanda kidogo tena kwa kuchelewa, na hakuna cha kujifunza hapo. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na lile jambo la kivukoni ambalo mpaka leo watu wakilitaja hugawanyika. Najua wengine wenu mmesimuliwa na upande mmoja. Nitajaribu kuzisema pande zote, na wangu pia, ambao mwanzoni haukuwa mzuri.

Niliingia kazini nikiwa na miaka ishirini na miwili, mhudumu katika zahanati hii hii ya mtoni, chini kidogo ya Kitaya. Jengo lilikuwa na vyumba viwili na mlango ambao masika haukufungika kwa sababu mbao zilivimba. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuchemsha sindano kwenye sufuria, kufyeka, kufua mashuka, na kumwambia kila mtu asubiri. Hiyo ya mwisho niliijua upesi kuliko zote.

Aliyenifundisha ni Tabibu Mtipa, Mmakua wa Masasi, mfupi, miwani yake imefungwa bandeji upande mmoja. Hakuwa mtu wa kupayuka. Ukikosea alivua miwani, akaifuta, akaivaa, halafu akakuuliza swali. Swali lenyewe ndilo lililouma.

Wiki ya kwanza alinikabidhi kipimajoto cha zebaki, kile cha kioo, akanionyesha kukiweka kwapani na kuhesabu dakika. Asubuhi hiyo kulikuwa na foleni ya kina mama na watoto. Mtoto wa kwanza alikuwa na homa kali, thelathini na tisa na nusu. Wa pili, thelathini na tisa na nusu. Wa tatu hivyo hivyo. Kufika wa sita nikakimbia ndani nikamwambia Tabibu kijiji kimeingiliwa na tauni.

Akavua miwani, akaifuta. "Issa, wote sawasawa? Hata nukta haikupishana?"

Nikamwambia hata nukta.

"Basi mgonjwa ni mmoja, na umemshika mkononi."

Nilikuwa sijakikung'uta. Zebaki ikishapanda haishuki yenyewe; lazima ukikung'ute kwa nguvu mpaka ishuke, ndipo umpime mwingine. Wale watano nilikuwa nawasomea homa ya yule wa kwanza. Tabibu alinirudisha nje niwapime upya, na kwa kila mama nianze kwa kusema nilikosea. Mama wa nne aliniuliza kama kweli mimi ni mtu wa zahanati au nimekuja kufyeka. Nikamwambia yote mawili. Niliona Tabibu ananidhalilisha, nikanuna mchana kutwa. Wakati wa kufunga akaniambia, "Homa ya uongo ukishamwandikia mtu, usipoifuta wewe hakuna wa kuifuta."

Nililikumbuka neno hilo miaka mingi. Kisha mwaka nilipolihitaji nikalisahau, ndiyo maana naandika.

Katikati hapo nimefanya mengi ambayo ninyi sasa mnafanya kwa simu. Nimebeba sanduku la chanjo kwenye baiskeli mpaka barafu ikawa maji, chanjo yote tukaitupa. Nimefunga jeraha la mtu aliyeng'atwa na kiboko, na aliyeniuma mkono kwa maumivu ni mgonjwa. Nimesaidia mama kujifungua ndani ya mtumbwi katikati ya Ruvuma, na wazee wa pande zote mbili bado wanabishana yule mtoto ni wa nchi gani. Mwaka wa kipindupindu tulifunga magenge ya chakula, nami ndiye niliyepita na kamba na klorini. Mama lishe mmoja alinimwagia maji aliyooshea vyombo. Wiki mbili baadaye nilipita kuwaambia wafungue, na mama yule yule akaniuliza kama nina uhakika, akakaa siku nne zaidi bila kuwasha jiko. Hapo nikaona kwamba watu hugombania kufungwa na hugombania kufunguliwa vilevile, na sababu zao si za kijinga.

Tabibu Mtipa alipostaafu alinipa kile kipimajoto cha zebaki ndani ya kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa kitambaa. Alirudi Masasi, na huko ndiko alikozikwa.

Basi ikaja korona.

Shule zikafungwa. Mikusanyiko ikakatazwa. Redio ikalitaja neno hilo mpaka mke wangu akawa anaizima. Hapa kwetu hakuna aliyekuwa na uhakika wa lolote, na mimi nilikuwa mmoja wao, ila nilikuwa na koti jeupe, na watu hudhani koti linajua.

Kwa mgeni, ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Kwetu ng'ambo ni shamba. Bonde la upande ule ni pana, na nusu ya kijiji wanalima mpunga kule. Wameoa kule, wamezika kule. Viongozi wa pande zote mbili walielewana kwamba mtu wa shamba au mwenye mgonjwa aruhusiwe kuvuka kwa mtumbwi, mradi apimwe joto. Akizidi thelathini na saba na nusu azuiwe, akae peke yake siku kumi na nne. Mpimaji nikawa mimi.

Nilipewa barakoa, ndoo ya maji tiririka, na kipimajoto kipya cha kulenga kwenye paji la uso, ambacho watu walikiita bastola. Nasema kweli, bastola ilinipendeza. Hakuna kwapa, hakuna dakika, hakuna kukung'uta. Unalenga, inalia, namba imetoka. Nikajiona nimefika.

Pale kivukoni pana mkwaju mkubwa, na chini yake ndipo watu hukaa kusubiri mtumbwi. Mimi nikafikiri, meza nikiiweka kivulini watu watakaa, watapiga soga, watarushiana mate. Nikaibeba nikaiweka mchangani, juani kabisa, hatua thelathini kutoka kwenye mti, na mkwaju nikauzungushia kamba asikae mtu. Hakuna aliyenituma. Mganga mfawidhi wa wakati ule, ambaye jina lake sitalitaja, alikuja akaona akanisifu. Mimi mwenyewe nilivaa kofia ya ukindu yenye ukingo mpana.

Siku ya tisa akaja Somoe binti Nangoma. Wengi wenu mnamjua, mjane, mkulima, mwenye kusuka mikeka ile ya rangi tatu. Asubuhi hiyo alikuwa shambani kwake kwenye muhogo, ujumbe ukamfikia kwamba mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi ng'ambo, amezidiwa. Akaja moja kwa moja kwa miguu, fuko la nguo mgongoni. Ilikuwa saa saba mchana. Akasimama kwenye foleni yangu, juani, mpaka zamu yake.

Bastola ikasoma thelathini na nane na nukta mbili. Nikaitaja kwa sauti ili mtendaji wa kijiji, aliyekuwa akiandika, asikie. Waliokuwa nyuma yake wakarudi hatua kadhaa.

"Ni jua hilo, Dokta," Somoe akasema. "Nimetoka shamba kwa miguu. Niache nikae kidogo pale kivulini, kisha unipime tena."

"Kipimo hakina undugu, Somoe," nikamjibu. "Kinasema ukweli tu."

Aliwekwa kwenye darasa la shule iliyofungwa. Siku ya tatu mama yake akafariki, akazikwa alasiri ile ile. Habari nilimpelekea mimi, nikiwa nimesimama mbali na dirisha. Hakulia mbele yangu. Aliuliza jambo moja tu, kama wamempata mtu wa kumwosha. Nikasema nadhani wamempata. Kumwosha mama ni kazi ya binti, nanyi mnalijua hilo.

Kila asubuhi nilimpima mle darasani, na kila asubuhi joto lake lilikuwa la kawaida kabisa. Mnajua nilichoandika? "Anaendelea vizuri." Kama mtu anayepona. Siku kumi na nne niliandika hivyo bila kujiuliza anapona nini.

Kwa sababu ya Somoe, kijiji kikakaa kikao kifupi kikafunga kivuko moja kwa moja. Mgonjwa wa kwanza amepatikana, walisema, hapana mchezo tena. Alipotoka darasani akakuta kisimani kina mama wanamwachia nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Mikeka yake haikuguswa. Nyumba yake ikaitwa "Kwa Korona", na waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya; waliogopa. Somoe hakuniita Dokta tena. Akikutana nami njiani alisema, "Mpimaji, hujambo," akapita.

Mimi nikabaki kivukoni kulinda mto uliofungwa, na bastola isiyo na wa kumpima. Mchana mmoja, kwa kukosa kazi tu, nikavua kofia nijipepee, na baada ya muda nikajilenga mwenyewe. Thelathini na nane na nukta nne. Nikawaza nani atamlea mjukuu wangu. Nikaondoka kwenda zahanati kujitenga, nikipita njia ya uani nisikutane na mtu. Nilikaa mle ndani mwenye giza giza, nikajipima tena. Thelathini na sita na nukta sita.

Mtu hawezi kupona kwa kutembea. Nikatoa ule mwanzi, nikakikung'uta kipimajoto cha Tabibu Mtipa, nikakiweka kwapani. Sina homa.

Kwa siku tatu nilifanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza. Nilijipima asubuhi, saa sita, saa saba, saa tisa, nikiwa na kofia, bila kofia, juani, kivulini. Nilimpima mwenye mtumbwi kabla na baada ya kukaa chini ya mkwaju. Robo saa ya kivuli ilitosha. Nililenga hata jiwe. Bastola ikalia ikawaka nyekundu, jiwe lile lilikuwa na homa kuliko wote. Nikaandika kila kitu. Kufika hapo ndipo nikasikia kama mtu anafuta miwani nyuma yangu.

Nilimpelekea mganga mfawidhi daftari. Alilisoma lote, hakunidharau. Kisha akaniambia, "Dokta Issa, hawa watu kunawa mikono tu tunawabembeleza. Ukisimama ukasema kipimo kilikosea, kesho hizo ndoo watafugia kuku." Akaniomba ninyamaze mpaka ugonjwa upite. Alikuwa kijana mwenye akili, na aliogopa watu wasije wakafa mikononi mwake. Hilo namkubalia. Nilikaa nalo siku mbili bila kujua nani mwenye haki, na niseme wazi kwamba siku moja kati ya hizo nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza.

Wakati huo mpunga wa ng'ambo umeiva. Ukisimama ukingoni unauona ulivyo mwekundu, na ngedere wamekaa juu ya matuta kama wenye shamba. Kijiji kikagawanyika, tena si kidogo. Ndugu hawakusalimiana. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule, watu wasimame mbali mbali kwenye alama za chokaa, waamue kivuko kifunguliwe au kibaki kimefungwa.

Waliotaka kifunguliwe walisemewa na Mzee Nampinga, mkulima, mdomo wake mnaujua. Waliotaka kibaki kimefungwa walisemewa na Mwalimu Magesa, mtu wa kanda ya ziwa aliyekuja kufundisha hapa akakaa. Mwalimu alisema kuvuna kunaweza kuchelewa, kufa hakurudishiki. Alisema vizuri, kwa utaratibu.

"Mwalimu," Mzee Nampinga akasema, "chakula chako kinakuja na mshahara. Changu kimesimama kule kinaliwa na ngedere, na ngedere hawavai barakoa."

Watu wakacheka, Mwalimu naye akatabasamu. Kisha akasema, "Cheka, Mzee. Mke wangu ana pumu. Siku mbaya hawezi kumaliza kufagia uwanja. Nikimzika hapa, mbali na kwao, utakuja unichekeshe?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Nampinga akatazama chini, akasema hakumaanisha hivyo.

Hapo Mwalimu akaendelea kwamba hofu yake si ya hewani. Mgonjwa mmoja tulishampata pale kivukoni. Je, kama asingezuiwa? Hakutaja jina. Hakuhitaji, watu wote waligeuka. Somoe alikuwa amesimama nyuma kabisa, na alama za chokaa za kulia na kushoto kwake hazikuwa na mtu.

Mzee Nampinga akajibu, "Ni mmoja tu. Kwa mmoja mnatufungia mto mzima?"

Hilo ndilo lililoniinua. Nilikuwa nikidhani upande mmoja ndio unaomtumia, kumbe wote wawili walikuwa wakijenga juu ya homa yake. Waliokuwa wanagombana juu ya kila kitu hawakugombana juu ya hilo moja. Nikanyoosha mkono. Mganga mfawidhi alikuwa amekaa karibu na mwenyekiti. Aliniangalia, akatikisa kichwa polepole. Mwenyekiti akaniruhusu.

Mimi si msemaji. Nilisoma kutoka kwenye daftari. Nikasoma joto langu mwenyewe la kivulini na la juani, la mwenye mtumbwi kabla na baada ya mkwaju. Nikasoma na jiwe. Nikasema meza niliiweka juani kwa akili yangu, mkwaju niliuzungushia kamba kwa mkono wangu, na kwamba Somoe binti Nangoma hakuwa na homa siku ile wala siku yoyote kati ya zile kumi na nne.

Upande wa Mzee Nampinga ukalipuka kwa vigelegele. "Si tulisema? Korona yenyewe haipo."

"Mzee, sikusema haipo," nikamwambia. "Ipo, na inaua, na mikono mtanawa. Nilichosema ni kwamba Somoe hakuwa nayo."

Mwalimu Magesa akaniuliza kwa hasira ya mtu mpole, ambayo ni mbaya zaidi, "Kwa hiyo unataka tufungue?"

"Nataka tuamue bila kumtumia Somoe."

Basi pande zote mbili zikanikasirikia kwa pamoja, na nadhani hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu mwezi ule uanze. Kelele zilipopungua, Somoe akasema kutoka kule nyuma, hakupaza sauti sana.

"Mpimaji. Siku ile nilikuambia nini?"

"Uliniambia ni jua."

"Nikakuomba nini?"

"Ukae kivulini kidogo, nikupime tena."

"Nawe ukanijibu nini?"

Sikutaka kulisema. Nililisema. "Nilisema kipimo hakina undugu, kinasema ukweli tu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayesikia jibu alilolitarajia. Nikamwomba radhi pale pale. Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema, na sijamwuliza, si haki yangu kuuliza.

Uamuzi ulifanywa kwa kunyoosha mikono. Waliotaka kufungua walizidi, lakini si kwa wingi wa kutamba. Kivuko kifunguliwe siku tatu kwa wiki, kwa shamba, kwa mgonjwa na kwa msiba. Meza irudi kivulini. Kila mtu akae robo saa kwenye alama yake ndipo apimwe. Mimi nilinyoosha mkono kufungua. Wapo waliosema mtu wa afya hapaswi kunyoosha mkono. Nilikuwa na mkono, nikaunyoosha.

Wiki iliyofuata nikaletewa barua ya kujieleza kwa nini nilizungumza mkutanoni bila kibali. Niliijibu kwa mistari miwili: "Nilimwandikia mtu homa isiyo yake. Nimeifuta mahali pale pale ilipoenea." Sikujibiwa. Nilitolewa kivukoni nikapelekwa kupima watoto uzito miezi minne. Kazi hiyo naipenda, kwa hiyo kama ilikuwa adhabu hawakunijua vizuri.

Sasa lililo gumu. Msimu ule wa baridi tulizika wazee wawili waliokuwa wakikohoa. Mmoja ni kaka yake Mzee Nampinga. Kama ugonjwa ulivuka na mtumbwi, au ulikuja kwa barabara kutoka Mtwara mjini, au kilikuwa kifua chao cha miaka yote, sijui. Hakuna aliyewapima. Nimelifikiria mara nyingi kuliko mnavyodhani. Mwalimu Magesa hakusema nami karibu mwezi, kisha akamleta mkewe kuchukua dawa ya pumu, na wakati wa kuondoka akasema, "Bado naamini ulikosea." Nikamwambia huenda. Mkewe yu hai, nashukuru, na Mwalimu mwenyewe tunasalimiana vizuri.

Lakini kunyamaza, hapana. Wapo wanaoniambia mpaka leo kwamba ningengoja ugonjwa upite, kwamba kwa ajili ya wengi mwanamke mmoja angevumilia. Kila anayesema hivyo nimemwuliza kama angekubali huyo mmoja awe mama yake. Wengine wamekasirika. Wakasirike. Kama ilikuwa lazima tufunge, tungefunga kwa sababu ya kweli. Mkipewa kifaa kipya, kuna siku kitakosea mikononi mwenu, na mtu mkubwa atawaomba mnyamaze kwa nia nzuri. Hiyo nia nzuri msiidharau, na msiitii.

Nimeiacha siku moja makusudi, siku kivuko kilipofunguliwa, kabla ya ile barua.

Meza niliirudisha chini ya mkwaju mwenyewe. Kofia nilikuja nayo kwa mazoea. Watu walikuja wengi na mundu na magunia, wakakaa kwenye alama zao, wakapimwa, wakavuka. Hakuna aliyezidi. Somoe alikuja jua limepanda, na fuko lile lile mgongoni, akakaa kwenye gogo. Robo saa ikaisha, nikamwita. Hakuinuka.

"Bado," akasema. "Nataka nipoe sawasawa."

Mtumbwi ukaenda ukarudi, ukaenda tena. Waliobaki wakaanza kugeuka kututazama mmoja mmoja, kwa sababu waliona kuna jambo linangojewa. Ndipo akaja mezani. Nikachukua bastola.

"Weka hiyo," akasema. "Lete kile cha Mtipa."

Nikautoa mwanzi. Nikakikung'uta mbele yake, mara tano, mara sita, nikamwonyesha zebaki ilivyoshuka. Akakiweka kwapani mwenyewe, akasimama akitazama mto dakika zote tano. Akakitoa, akanipa.

"Soma."

Nikamsomea.

"Kwa sauti. Siku ile ulisoma kwa sauti."

Nikavua kofia, nikasimama, nikasoma kwa sauti ya kufika kwenye mitumbwi: Somoe binti Nangoma, thelathini na sita na nukta nne, hana homa. Mtendaji alikuwa hayupo siku hiyo, kitabu nilikuwa nakiandika mimi. Nikaandika jina, umri, kitongoji, joto. Kwenye sababu ya safari nikaandika msiba.

Akainama akaangalia. Arobaini ya mama yake ilikuwa imesomwa ng'ambo jana yake, bila yeye.

"Andika na kuchelewa kwangu," akasema. "Na sababu."

Akangoja mpaka nikamaliza, akasoma kila neno, akapanda mtumbwi. Kitabu kile kipo kwenye kabati la chini, nyuma ya makasha ya glovu, kama panya hawajakila. Kitafuteni. Mstari wa mwisho wa ukurasa ule ni mwandiko wangu: "Msiba. Amechelewa siku arobaini na moja. Sababu ya kuchelewa: mpimaji."